Mambo ya Kufanya Trondheim kwa Siku Nne

Las Palmas, 12 Novemba 1986

Dada yangu Borghild,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye jua unalolichukia. Natumaini u mzima na goti lako halijazidi. Sisi hatujambo. Candelaria anakusalimu, kama alivyokusalimu katika kila barua tangu tuoane, na mimi namwambia kama kawaida kuwa salamu zake zitafika. Binti yake amejifungua mtoto wa kike, kilo nne, mwenye sauti ya honi ya meli. Mimi nimeacha kiko. Si kwa hiari yangu.

Nieleze kwanza kwa nini naandika kwa herufi kubwa namna hii, usije ukadhani nimekuona mtoto. Macho yangu yanakwisha. Daktari anasema inayokufa ni ile sehemu ya katikati. Jicho la kulia limetangulia, la kushoto linafuata. Majira ya joto yakifika sitaweza tena kusoma, wala kutambua uso wa mtu aliyesimama mbele yangu. Aliniambia hayo huku anamenya chungwa.

Basi yapo mambo nataka niyaone kabla ya hapo. Candelaria naye hajawahi kuona theluji, anadhani ni kitu cha kwenye kadi za Krismasi. Tumepata nafasi ya kuja Trondheim Ijumaa tarehe 27 Februari, tunaondoka Jumanne tarehe 3 Machi. Ni siku nne tu, mke wangu ana kazi yake na hawezi kukaa zaidi. Tutafikia hotelini, kwa hiyo usijisumbue.

Ninachokuomba ni kimoja. Mji ninaoujua mimi ni wa zamani, kabla sijaenda kuunguzwa na mashine za meli. Wewe hujawahi kutoka. Niandikie mtu afanye nini Trondheim kwa siku nne za baridi.

Ndugu yako,
Eilif


Trondheim, 3 Desemba 1986

Mdogo wangu Eilif,

Mimi ni mzima. Goti liko pale pale. Barua yako ilifika tarehe 26 nikaiweka mezani wiki nzima, maana nilikuwa na shughuli. Binamu yetu Sverre ameanguka kwenye ngazi, sasa anatembea na mkongojo anaoupenda kuliko alivyompenda marehemu mkewe. Bi. Aune, mpangaji wangu wa chini, bado ananusa kila ninachopika na kuuliza nimetia nini. Hongera kwa mjukuu wa kambo.

Kuhusu macho, pole. Sitajifanya nimeshtuka. Hata yalipokuwa mazima hukuwa ukiona kilicho mbele yako.

Umesema nisijisumbue. Haya, sijisumbui. Hotelini kuna vitanda, naambiwa na samaki wa kopo asubuhi wapo. Sikujua kwamba mtu aliyezaliwa chumba cha nyuma cha nyumba hii anahitaji hoteli katika mji huu, lakini mimi ni mwalimu wa ushonaji tu, tena mstaafu, mambo ya wasafiri nitayajulia wapi. Wala sikujua kwamba uzeeni nitageuzwa ofisi ya watalii. Chukua kalamu. Au mkeo achukue.

Ijumaa. Mtatua na mtasikia baridi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kufanya na halina kiingilio. Mwambie huyo mama wa jua kwamba koti lolote la manyoya atakalonunua huko ni pambo. Anachotaka ni sufu mwilini, fulana na suruali ndefu ya ndani, ile inayowasha. Isiyowasha ni ya kuuzia wajinga. Mkishavaa nendeni kwenye daraja la zamani mkasimame katikati, kama wanavyosimama wageni wote, mtazame yale maghala yaliyosimama kwa miguu mtoni. Wageni huyapiga picha mpaka vidole vinakufa ganzi. Sijawahi kujua wanapiga picha ya nini. Ni maghala. Yalijengwa ya kuwekea samaki na nafaka, na leo ndani yake wamo vijana wenye ndevu wanaochora vitu visivyofanana na kitu.

Jumamosi, kanisa kuu. Tazameni ule ukuta wa magharibi, watakatifu na wafalme wamepangwa juu kwa juu kama vyombo kabatini. Mama alikuwa akitutaka tuwataje kwa majina. Mimi nilijifunza, wewe ulibuni, na aliyesifiwa ni wewe. Ndani kuna baridi kuliko nje, na mchungaji wa sasa anahubiri kama anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi. Mkitoka hapo shukeni soko la samaki, Ravnkloa, mle kababu za samaki mkiwa mmesimama. Mkikaa mtaganda.

Jumapili, tramu ya kupanda vilimani hadi Lian. Humo mtakuta nusu ya mji na ski zao za kutelezea theluji, kila mmoja ana chungwa mfukoni na uso wa mtu anayekwenda kuokoa taifa. Wewe usiguse ski. Una miaka sitini na minne, na miguu yako ni ya chumba cha mashine. Kodini sleji, ubao wa kuketia, mteremke kwa makalio kama watoto, mkivunjika shauri yenu. Na kama hujasahau, siku hiyo ni Jumapili ya skonzi za krimu, ile ya kabla ya Kwaresima. Za dukani ni pamba iliyojazwa povu. Siku hizi hakuna anayetia iliki ya kutosha, ila wachache wanaooka majumbani.

Jumatatu sina la kukuandikia. Watu wenye akili wanakuwa makazini. Mimi sina kazi wala pa kwenda, siku zote hizo nne nitakuwa hapa hapa nyumbani, kama nilivyokuwa hapa tangu siku uliyogeuka kwenye mazishi ya mama ukaenda zako kabla hujaonja kahawa.

Dada yako,
Borghild

Barafu ya mwezi huo ni kioo. Viatu vya mjini vya mkeo vitamwangusha mbele za watu.


Las Palmas, 5 Januari 1987

Dada yangu Borghild,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima. Mtoto anaendelea kupiga honi. Mpe pole Sverre, na mkongojo wake pia.

Nilimsomea Candelaria orodha yako, nikitafsiri kadiri nilivyoweza kutafsiri dharau. Akaniuliza, "Huyu dada yako anachukia mimi au anachukia theluji?" Nikamwambia, "Anachukia vyote viwili, na mimi, na wale watakatifu ukutani." Akacheka mpaka akakaa chini. Lakini amenunua suruali ya sufu, inamwasha, kwa hiyo nadhani ni ya kweli.

Kuhusu kahawa. Miaka kumi na minane hukuitaja, sasa umeitaja, basi nami nitaje. Nilitoka makaburini nikaingia nyumbani, meza ya ndugu imejaa watu. Nikasimama koridoni na koti langu dakika ishirini nzima, nasubiri mtu mmoja aniambie, "Eilif, kaa hapa." Hakuna aliyefungua mdomo. Wewe ulinipita mara mbili na birika. Mtu hajikaribishi mwenyewe kwenye meza ya watu, dada. Hayo tulifundishwa wote wawili, na aliyetufundisha ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Tuyaache hayo. Nauliza tu, nyumba bado ni ya njano? Na tramu bado inapita chini ya dirisha la jikoni? Nauliza ili tukipita niitambue, kama jicho la kushoto litakuwa bado linafanya kazi.

Siku zetu zimejaa vizuri, isipokuwa Jumatatu. Jumatatu hatuna kitu kabisa. Ukiwa na wazo lolote la Jumatatu, lolote lile, niandikie.

Eilif


Trondheim, 30 Januari 1987

Eilif,

Salamu. Goti limezidi. Sverre yuko vile vile.

Nyumba ni ya njano. Ningeipaka rangi gani nyingine? Tramu inapita pale pale na kutikisa vikombe pale pale. Theluji ya mwaka huu ni ya ovyo, inanyesha, inayeyuka, inaganda, lakini njia ya kuja mlangoni kwangu naimwagia mchanga kila asubuhi kwa mikono yangu mtu asiteleze, goti au si goti.

Viti mezani siku ile vilikuwa kumi na viwili. Nilivipanga mimi. Walioketi walikuwa kumi na mmoja. Hiyo haikuwa meza ya watu, ilikuwa meza ya mama yako, na mtu mzima mwenye akili haulizi akae wapi kwa mama yake. Hukuwa mgeni. Mgeni ndiye anayekaribishwa.

Umeomba wazo la Jumatatu. Kuna jumba la vyombo vya muziki huko Ringve. Sijui kama hufunguliwa Jumatatu. Ulizeni hotelini, si mmelipia.

Borghild


Trondheim, 4 Machi 1987

Eilif,

Nasikia mlikuja.

Mimi mzima. Kabla ya mengine, Bi. Aune anakusalimu, ingawa sijui kwa nini, maana hamjuani, anakujua kwa picha yako ya ukutani kwangu tu. Aliwaona Jumamosi pale Ravnkloa. Akapanda ngazi mbio na pumu yake kuniletea habari kama anayewahi moto. "Borghild! Nimemwona ndugu yako! Anakula kababu na mwanamke kavaa kofia mbili! Wanakuja saa ngapi?" Nikamwambia ndugu yangu ni mtu wa hoteli, ana ratiba yake. "Ratiba?" akasema. "Sasa hizo iliki ulizofukizia nyumba nzima tangu juzi, unaolewa?" Nikamfungia mlango.

Usije ukafikiri nilikusubiri. Mtu anaruhusiwa kuoka skonzi nyumbani kwake bila kumsubiri mtu. Ziliiva ishirini na nne kwa sababu kipimo cha mama ni cha ishirini na nne. Kitambaa cha meza nilikitandika kwa sababu kilikuwa kimefuliwa. Leo skonzi nimewapa kunguru, na kunguru hawakungoja kuandikiwa barua.

Simu yangu iko ukutani ilipokuwa siku zote, na namba haijabadilika. Siku nne haikulia hata mara moja, ila Sverre alipopiga kuuliza kama nina dawa ya kuyeyushia barafu kwenye mkongojo.

Kengele ya mlango ililia Jumatatu saa sita. Wanapita hawa wauza vitabu vya dini siku za kazi, hawana haya. Huyu alikuwa amevaa soksi za kiume juu ya viatu kama mwenda wazimu, akapiga kengele mara tatu, mara tatu, kana kwamba nyumba inaungua. Sikufungua. Sinunui dini mlangoni.

Natumaini mliifurahia ziara yenu. Natumaini picha za maghala zimetoka vizuri.

Borghild


Las Palmas, 27 Machi 1987

Dada Borghild,

Hatujambo. Mtoto ameota jino. Naandika taratibu kwa sababu naweka rula chini ya kila mstari, na bado mistari inanikimbia, kwa hiyo nisamehe ikipandiana.

Tulifanya kila kitu kwenye orodha yako, kwa mpangilio wako. Ijumaa tulisimama darajani, maghala nikayaona, mekundu nayaona vizuri kuliko ya njano. Jumamosi tulikwenda kanisa kuu. Nilimtajia Candelaria watakatifu kwa majina, nusu yao niliwabuni, akavutiwa. Mchungaji ni kama ulivyosema. Jumapili tulipanda Lian na sleji. Candelaria aliteremka anapiga mayowe ya Kihispania kilima kizima, watu wakageuza nyuso kwa heshima kama wanavyogeuza wenzetu mtu akifurahi hadharani. Skonzi tulikula za dukani. Ni pamba iliyojazwa povu.

Sasa nikuambie lisilokuwemo kwenye orodha. Ile tramu ilipita chini ya dirisha lako kupanda na kushuka. Tulipokuwa tunashuka taa ya jikoni inawaka na mtu amekaa mezani. Umbo nililiona, uso sikuuona, kioo kilikuwa na mvuke. Candelaria akanishika mkono. "Nyumba ndiyo hii? Shuka basi!"

"Hatujakaribishwa," nikamwambia.

"Hujakaribishwa wapi? Si kwa dada yako?"

"Hajasema njoo."

"Na wewe ulisema nakuja?"

"Nilimwambia tutafikia hotelini."

"Mungu wangu, Eilif," akasema, kwa sauti, tramu nzima ikasikia. "Nyie watu mna kichaa. Umevuka bahari macho yanakufa, dada yako anakunywa kahawa pale, halafu wewe unamwonyesha mke wako vilima!"

Nilishika simu ya hotelini Jumapili ile na Jumatatu asubuhi tena. Nikairudisha mahali pake. Nilisema moyoni, ameandika mambo ya kufanya kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, ametaja kila jiwe la mji huu mpaka soko la samaki, na Jumatatu nilipomwomba waziwazi akanipeleka kwenye jumba la vinanda. Nimeona kila kitu ulichoandika nikione, Borghild. Wewe hukujiandika. Nami kilichonileta ni wewe, wala si kingine, na nilikosea mimi kwa kutokisema hapo mwanzo.

Yule muuza dini wako alikuwa mke wangu. Nilimkataza, akaenda peke yake mimi nimelala. Soksi ni zangu, nilimfundisha mwenyewe azivae juu ya viatu asiteleze, kama mama alivyotuvalisha sisi. Alirudi akazianika soksi bafuni. Baadaye akaniambia, "Pazia lilisogea."

Ningependa kukuandikia kwamba nimekusamehe lakini bado nimekasirika. Jicho la kushoto nalo limeanza doa katikati. Hii huenda ikawa barua ya mwisho ninayoiandika kwa mkono wangu.

Eilif


Trondheim, 17 Mei 1987

Eilif mdogo wangu,

Naandika kwa kalamu ya kuandikia maboksi, mstari mmoja mmoja, kurasa zitakuwa nyingi na stempu zitakuwa nyingi. Ukishindwa, anayekusomea asome kama ilivyo, asinitie sukari.

Leo ni sikukuu ya taifa. Watoto wanapita chini ya dirisha na bendera na matarumbeta, wanapiga wimbo ule ule vibaya vile vile. Bi. Aune kavaa vazi la asili lisilofunga tena, amelibana na pini kwapani na anadhani hatuoni. Sverre hajambo. Mimi sikutoka.

Nimechelewa wiki saba. Si kwamba nilikuwa na shughuli. Nilianza barua nne, na zote nne zilianza kwa kukueleza wewe ni mtu wa namna gani. Nimezichoma, ingawa ya tatu ilikuwa nzuri na yote yaliyokuwemo ni kweli.

Nilimjua. Nataka hilo liandikwe. Nilimjua kabla hajafika mlangoni, kwa zile soksi. Nani mwingine hapa mjini angevaa soksi vile, siku hizi watu wananunua vyuma vya kufunga chini ya viatu. Nilisimama nyuma ya pazia na aproni yangu, meza iko tayari kwa siku ya nne, na nikamtazama akipiga kengele. Mara ya kwanza nilisema moyoni, Eilif yuko nyuma yake. Mara ya pili nikatazama njia yote mpaka kituo cha tramu. Mara ya tatu nikajua hayupo. Nikamdharau kwa kuja, na nikakudharau wewe kwa kutokuja, na nikabaki nimesimama kwangu kama gogo mpaka akaondoka. Aliteleza mara moja pale getini. Mchanga wangu haukufika mpaka pale.

Wewe unasema nilipita mara mbili na birika siku ya mazishi. Nilipita mara tatu. Kila mara nilikuwa nakwambia kwa moyo wangu wote, kaa, kaa, kaa wewe mjinga, na mdomo wangu unauliza watu kama wanataka maziwa. Ndivyo nilivyo. Nimewafokea wasichana miaka thelathini na minane kwa mishono iliyopinda, lakini neno "njoo" sijawahi kulitamka kwa mtu yeyote, maana mtu anaweza kujibu hapana. Na hili la hotelini, Eilif, nakuambia kweli, niliposoma "usijisumbue" nililia, halafu nikaamka nikakuandikia orodha ya kukukomoa.

Mwambie Candelaria nimepata salamu zake za miaka yote. Mwambie alikuwa na haki ya kupiga kengele hata mara kumi.

Sasa naandika jambo ambalo sijui linaandikwaje kwa adabu, kwa hiyo naliandika bila adabu. Nataka kuja kwenu. Hamjanikaribisha na sistahili kukaribishwa. Kuna ndege tarehe 20 Juni, nimeuliza. Naambiwa hujaa wastaafu wenye kaptura wanaoanza kuimba kabla haijapaa, wanaokwenda kuungua mpaka wawe rangi ya kamba wa kuchemsha kisha warudi kutusimulia. Nitakaa katikati yao nimefumba macho. Sitaki kuonyeshwa ufuko, wala ngamia, wala machweo. Nitakaa jikoni kwenu, mkinipa kiti.

Naweza kuja?

Borghild


Las Palmas, 2 Juni 1987

Dada yangu Borghild,

Anayeandika barua hii ni Synnøve wa kanisa letu la mabaharia, mimi nasema yeye anaandika. Ni binti wa watu na ana haraka, kwa hiyo sitaweka habari za mtoto wala za goti.

Barua yako alinisomea mara mbili bila kutia sukari. Mara ya pili alilazimika kusimama katikati apenge kamasi. Candelaria akataka kujua kila neno, nami nikamwambia kila neno, pamoja na gogo na aproni. Akasema, "Huyo mwanamke ana roho mbaya kuliko mimi, tutaelewana." Ameshaanza kukutengea chumba. Nilimwambia wewe ungeridhika na stoo, akanipiga na taulo.

Njoo. Nasema tena ili Synnøve aliandike mara mbili, njoo. Ndege inafika saa nane mchana, na tutakuwa pale pale kwenye mlango wanaotokea abiria, mimi na yeye.

Ila kuna kitu lazima nikuambie mapema, maana nakujua, usipoambiwa utageuka na ndege ile ile. Katikati ya macho yangu sasa ni doa jeusi tupu. Nikikukazia macho usoni, sikuoni hata kidogo, naona shimo lililovaa koti. Kinachoonekana ni cha pembeni tu, na hata hicho mpaka nigeuze kichwa kabisa. Kwa hiyo ukitoka kwenye mlango ule utamkuta mzee amesimama amekupa shavu, anatazama ukuta, kama mtu asiyetaka hata kukutupia jicho.

Usiondoke. Ndivyo ninavyokutazama.

Eilif